Shuka Isaka: Mwongozo wa Abiria Aliyezoea Kulala

Sharti la kwanza ni kuamka, nalo nimeliweka mbele kwa sababu ndilo linalowashinda wengi. Abiria wa basi la Kahama, Geita au Bukoba akishaipita Nzega huwa amemaliza hindi lake la kuchoma, bando limekata, kichwa kimeegemea kioo na mdomo uko wazi. Tinde inapita. Isaka inapita. Anazindukia Kahama, anafuta mate, na wiki inayofuata anawaambia wenzake kazini kwamba kule njiani hakuna kitu, ni vichaka na malori tu. Abiria huyohuyo anaweka akiba mwaka hadi mwaka ili siku moja akaione Serengeti. Aende, Serengeti ni nchi yake. Ila kama anachokitafuta ni historia, sayansi na maumbile ya dunia, ghala lake amelipita akikoroma.

Mwambie kondakta akushushe Isaka. Atauliza kama umesahau mzigo, au una ndugu hapo. Mjibu ukweli: unashuka kutazama. Abiria wenzako watanong'ona kwamba nauli imekuishia. Waache wanong'one, na wewe shika mkoba wako uteremke.

Ndani ya mkoba weka daftari, kalamu, kofia, maji, utepe wa kupimia wa fundi nguo, na sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu. Kila kimoja kitapata kazi. Jifunze pia maneno matatu ya Kisukuma kabla hujafika: mwangaluka ya asubuhi, mwadila ya jioni, na wabeja ya kushukuru. Ukikutana na mtu mzima, shikamoo itangulie yote. Mgeni anayeanza kwa kupiga picha huonyeshwa mgongo, na anastahili. Anayeanza kwa salamu huletewa kiti.

Anza na reli

Isaka ni mji mdogo katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, na una bandari. Usicheke. Ni bandari kavu: makontena yaliyoteremshwa melini Dar es Salaam huja hapa kwa treni, yanapakiwa kwenye malori, kisha yanaelekea Rusumo kwa mzigo wa Rwanda na Kabanga kwa mzigo wa Burundi, na mengine yanaendelea hadi Kongo. Kaa kwa mama lishe aliye karibu na maegesho, agiza chai, usome namba za magari na maandishi ya milangoni. Kisha mgeukie dereva aliyekaa jirani. "Suka, mzigo unafika wapi?" Akikutajia Goma au Bujumbura, usimwache hapo. Muulize mpaka gani una foleni, mizani iko wapi, mlima gani unachosha breki. Ramani ya ukutani shuleni haikukufundisha hata robo ya atakachokueleza yeye na utingo wake kabla chai haijapoa.

Sasa utepe wa kupimia. Tafuta mfanyakazi wa reli, mwombe ruhusa, usikanyage njia ya treni kwa kiherehere chako. Pima upana kati ya vyuma viwili vya reli ya zamani: ni mita moja kamili. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, miezi michache kabla ya kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza, iliyowaondoa. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza, hili linalopita Isaka, lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928, wakati pamba ya Usukuma ilipokuwa ikihitaji njia ya kufika baharini. Reli ya kisasa, SGR, upana wake ni mita 1.435, na hapa ndipo vipande viwili vyake vinapokutana: cha Tabora hadi Isaka, na cha Isaka hadi Mwanza, ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2021. Watu walipiga picha nyingi treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kwenda Dodoma mwaka 2024, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mimi napenda zaidi mtu anayeweza kusimama Isaka akaziona reli mbili za zama mbili, na akajua ya kwanza ilijengwa kwa mikono ya nani.

Ilijengwa kwa mikono ya watu wa huku. Kabla ya reli, karibu bidhaa zote kati ya pwani na maziwa makuu zilipita mabegani na vichwani mwa wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Kila mmoja alibeba mzigo wa takriban kilo 30 kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi. Wengi wao baadaye wakawa vibarua wa reli, yaani walilipwa ujira wa kujenga kitu ambacho kingeua kazi yao ya asili. Ukiwa umekaa hapo na chai yako, ukimtazama utingo akifunga turubai, unamtazama mrithi wa kazi ya upagazi.

Kuna safari moja ya zama hizo ambayo lazima uiandike upya daftarini mwako. Julai 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, ambayo leo ni Tabora, akamwacha mwenzake Richard Burton, akaelekea kaskazini kupitia nchi hii. Agosti 3 alisimama Mwanza akilitazama ziwa. Darasani tulikaririshwa kwamba "aligundua Ziwa Victoria". Lifute neno hilo, maana Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na wengine wengi walikuwa wakivua humo kabla babu yake Speke hajazaliwa. Mahali pake andika jina la Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru wake na kurudi Zanzibar. Kihindustani alichojifunza utumwani ndicho alichozungumza na Speke njiani. Bila mdomo wa Bombay, Speke asingepata maji ya kunywa wala jina la kijiji kilicho mbele. Bombay huyo akaenda tena na Speke, akaenda na mpelelezi Stanley hadi Ujiji mwaka 1871, akavuka bara zima na mpelelezi mwingine, Cameron, mpaka pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku nishani ya fedha. Sijui mtaa wa Tanzania unaostahili jina jipya kuliko ule ambao ungeitwa Bombay, na napendekeza uanzie hapa.

Omba maji ya kunywa

Usinunue chupa bado. Omba maji ya bomba, hata kama utayachemsha, maana kikombe hicho kina historia kuliko kitabu cha kiada.

Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Kahama na Shinyanga huvutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi. Mradi ulianza mwaka 2004, maji yakafika 2009, na baadaye mabomba yakaongezwa kuelekea Kagongwa na Isaka. Linaonekana jambo la kawaida, bomba na mita na bili. Lakini rudi kwa Speke. Alichokuwa akikitafuta mwaka 1858 ni chanzo cha mto Nile, na alipoliona ziwa alidai amekipata. Waingereza walipoitawala Misri, Sudan na nchi za maziwa, chanzo hicho kikawa suala la siasa. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana hati zilizosema kwamba kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye Nile na maziwa yanayoulisha, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, isifanyike bila ridhaa ya Misri iwapo ingepunguza maji yake. Hakuna Msukuma aliyeulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika chini ya Julius Nyerere ilitangaza kwamba haifungwi na hati hizo, kwa sababu nchi huru hairithi mkataba uliotiwa saini na bwana wake kuhusu mali yake. Miaka 42 baadaye mitambo ilianza kuchimba mtaro kutoka Ihelele bila kuomba ruhusa Cairo.

Kwa hiyo ukiona mtoto wa Isaka akijaza ndoo, umeona msimamo wa 1962 ukifanya kazi. Mwambie. Mtoto aliyeambiwa hivyo hatakariri tena somo la Nile kwa ajili ya mtihani tu.

Ukiwa bado na hamu ya mabomba, upande wa Nzega, kijijini Sojo, kuna kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Katika joto la kawaida yanaganda, ndiyo maana bomba linalazimika kupashwa moto na kuvikwa koti la povu zito ili mafuta yabaki na joto la zaidi ya nyuzi 50 njia nzima. Kiwanda cha Sojo kilijengwa ili kuvisha mabomba koti hilo. Getini hutafunguliwa kwa sababu umesema umekuja kutazama, lakini vijana waliofanya kazi humo wako mitaani, na wengi wao watafurahi kuulizwa.

Soma udongo kwa miguu

Toka mjini kwa miguu, au chukua bodaboda umwambie aende taratibu. Panda hadi palipo na majabali ya mawe, kisha shuka polepole mpaka bondeni, ukitazama chini badala ya kutazama simu.

Juu, chini ya mawe, udongo ni wa kichanga na rangi nyepesi. Wasukuma huuita luseni. Ukiteremka unakutana na itogolo, udongo mgumu wa mteremko. Bondeni kabisa unafika mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mfuatano huo hujirudia kila kilima, na mkulima wa huku hupanga mazao yake kwa kuufuata: karanga na viazi juu, mpunga chini kwenye majaruba. Mwaka 1935 mwanasayansi wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa na kituo chake Amani, milima ya Usambara, aliutangazia ulimwengu kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni kama shanga katika mnyororo mmoja, na dhana yake inafundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kote hadi leo. Alifanya kazi kubwa na anastahili heshima yake. Lakini bibi anayepanda mpunga Isaka alikuwa na majina ya kila hatua ya mteremko huo tayari, na yeye hajawahi kualikwa kutoa mhadhara. Mkalishe chini ya mti umwombe. Andika kila kitu.

Mbuga wakati wa kiangazi hupasuka nyufa unazoweza kuzamishia mkono. Mfinyanzi wake hunywa maji na kuvimba masika, kisha hukauka na kunywea, mwaka baada ya mwaka, kwa nguvu ya kupindisha nguzo na kuvunja msingi wa nyumba. Wahandisi wa barabara wanaijua vizuri. Dereva wa gari dogo aliyejaribu kuikatisha mwezi Machi anaijua vizuri zaidi. Kwenye udongo huohuo utaona migunga mifupi yenye vinundu vyeusi chini ya miiba. Gusa kimoja kwa kijiti, usiguse kwa kidole. Sisimizi watatoka mbio, maana ndimo wanamoishi, na kwa malipo ya nyumba wanamng'ata mbuzi, twiga na mgeni yeyote anayekuja kula majani. Upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu vilivyohamwa, mti unapiga mluzi. Simama usikilize, hakuna kiingilio.

Hesabu miti, kisha uliza ilikwenda wapi

Hapa naomba upunguze mwendo, kwa sababu jambo hili ndilo lililonifanya niandike mwongozo.

Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa, na jangwa hilo lilitengenezwa. Katika miaka ya 1920, Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alianza Shinyanga vita dhidi ya ndorobo, mbung'o wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Makao ya utafiti wa ndorobo yakawa Shinyanga, na aina mojawapo ya mbung'o ina jina lake mpaka leo. Alijifunza kwamba ndorobo wanahitaji vivuli vya vichaka, na kwamba kichaka kikiondolewa nao huondoka. Watemi wakawaita watu wao kwa maelfu, wakakata. Kwa upande wa ugonjwa, hesabu yake ilikuwa sahihi. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, hakuona kilichofuata: ng'ombe wengi zaidi, mashamba ya pamba yaliyoendelea kufyeka, kisha miaka ya 1970 watu kuhamishiwa vijiji vya pamoja na kuyaacha malisho waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980, ukitaka kivuli ilibidi usimame nyuma ya nyumba.

Miti ilipokwisha, kuni nazo zikaisha. Wanawake wakapikia mabua na samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, ndani ya vyumba visivyo na dirisha, na moshi wake ukayafanya macho yao mekundu. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu Usukumani aliitwa mchawi, na wengi waliuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo. Ndugu msafiri, ukitaka kujua kwa nini sayansi ni jambo la kufa na kupona, huna haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Bibi yule hakuwa na uchawi. Alikuwa na jiko la moshi, na jiko la moshi lilitokana na mti uliokatwa.

Sasa uliza kuhusu ngitili. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma: eneo la malisho linafungwa masika nzima, hakuna mfugo unaoingia, nyasi na vichipukizi vinakua kwa raha, na kiangazi kikali kikifika linafunguliwa kwa zamu, ndama na ng'ombe wagonjwa wakitangulia. Aliyevunja mwiko alifikishwa kwenye dagashida, mkutano wa jamii, na kutozwa faini. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni maofisa walileta miche ya kigeni. Baadaye wakafanya jambo ambalo maofisa hulifanya kwa nadra: wakakaa na wazee, wakawasikiliza, wakakubali kwamba visiki na mizizi iliyobaki ardhini ingeota yenyewe kama mifugo ingezuiwa. Ngitili zikarudishwa kwenye mamia ya vijiji. Katika muda wa miaka isiyozidi 20, inakadiriwa kati ya hekta 300,000 na 500,000 za miti na malisho zilikuwa zimerudi, na sehemu kubwa haikupandwa na mtu. Ndege walirudi, fisi nao, na wanawake wakapunguziwa mwendo wa kutafuta kuni.

Ramani ya watalii haina ngitili. Mwombe mwenyekiti wa kijiji akutafutie mtu wa kukutembeza, umlipe, na ukifika uliza jina la kila mti na kazi yake: upi wa mpini, upi wa dawa ya tumbo, upi wa kuvutia nyuki. Uliza pia hali yake leo, maana ngitili nyingine zinaliwa na mashamba na tanuri za mkaa, na wenyeji watakwambia bila kuficha. Nasi wa mijini tunaonunua gunia la mkaa tulijibu kwa haki swali la miti ilikwenda wapi.

Ukitaka dhahabu, anza na mawe

Utakuwa umeshaulizwa mara kadhaa kama umefuata dhahabu. Ni swali halali, maana kutoka hapa unaweza kwenda Kahama, Bulyanhulu, hadi Geita, ukiwa juu ya ukanda uleule.

Ardhi iliyo chini yako ni kati ya ardhi kongwe za dunia. Miamba ya Usukuma ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ile ya Geita takriban bilioni 2.7. Itoe sumaku mkobani. Kilima cha Geita kina mwamba wa mistari, mmoja mwekundu au mweusi wa chuma, mwingine mweupe, tena na tena. Ukiokota kipande barabarani na sumaku ikakivuta, umeshika matope ya sakafu ya bahari iliyokuwapo kabla hapajawa na samaki, majani wala hewa inayovutika. Maji ya moto yalipopenya baadaye kwenye nyufa zake, chuma hicho kilisaidia kuinasa dhahabu iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji hayo. Mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi Geita tangu enzi za Waingereza hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata 2001, Buzwagi 2009, na Buzwagi tayari umefungwa, mwaka 2021.

Ukiwa njiani, kitazame kichuguu kwa heshima. Mchwa hufuata unyevu chini sana na kupandisha chembe za udongo juu, na wanajiolojia katika nchi mbalimbali za Afrika huchukua sampuli za vichuguu ili kubashiri madini yaliyofichwa chini.

Kwa wachimbaji wadogo, nenda na mwenyeji, uombe ruhusa, na usishuke shimoni. Duara, yaani shimo la mchimbaji, si mahali pa mgeni: matimba, magogo yanayoshikilia kuta, yakiachia, hakuna anayekuwa na muda wa kukufundisha njia ya kutokea. Kaa juu ufuatilie kazi. Mawe yanapelekwa kwenye karasha, yanasagwa kuwa unga, unga unaoshwa mwaloni juu ya ubao uliotandikwa gunia. Dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji, kwa hiyo inatulia kwenye nyuzi za gunia huku mchanga ukienda zake. Ni fizikia ya kidato cha kwanza, imefanywa na mtu aliyeacha shule darasa la tano. Kinachofuata ndicho kinachoniuma: zebaki inachanganywa kwa mikono mitupu ili ishikane na dhahabu, kisha inachomwa wazi mpaka iwe mvuke. Mvuke huo huingia mapafuni na kuharibu neva, na mara nyingi mama na watoto wako hatua chache tu kutoka motoni. Vipo vyombo vya kuunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Wewe simama upande upepo unakotoka, na ukiulizwa na mchomaji kwa nini umesogea, mweleze kila kitu unachokijua.

Usinunue jiwe wala punje ya mtu anayekuita pembeni. Biashara ya madini bila leseni ni kosa la jinai, na tangu Machi 2019 Geita kuna soko rasmi la dhahabu.

Almasi nazo ziko upande wa pili, Mwadui, wilaya ya Kishapu. Mwanajiolojia wa Kanada John Williamson alizipata mwaka 1940 baada ya kuhangaika kwa miaka, na mwaka 1947 likatoka hapo jiwe la waridi la karati 54.5 lililokwenda kwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kama zawadi ya harusi. Mimi nataka ujue lilivyofika juu. Almasi huumbika zaidi ya kilomita 140 chini, na humfikia binadamu hasa pale mwamba wa kimbalaiti uliojaa gesi unapofyatuka kwenda juu mfano wa soda iliyotikiswa. Shimo la Mwadui lina ukubwa wa hekta 146, na halijamomonyoka sana tangu lilipolipuka. Milipuko michanga zaidi ya aina hiyo inayojulikana duniani iko katika vilima vya Igwisi, upande wa Urambo, ina miaka takriban 12,000 tu. Watu walikuwapo Afrika. Huenda wapo walioisikia.

Kula, kisha ondoka kwa njia ndefu

Usiulize chipsi. Omba michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani, au matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Kuondoa maji ndani ya chakula ili ukungu na vijidudu visipate pa kuishi ni ujuzi uliovusha kaya nyingi miaka ya njaa bila friji wala umeme. Matobolwa na karanga, pamoja na chai ya maziwa, ni mlo ambao ningeuweka kwenye kila kituo cha basi nchini kama ningepewa uwezo huo kwa siku moja.

Ukiwa na siku zaidi, usirudi ulikotoka. Pita Shinyanga uende Mwanza, ukaulizie Bujora, Kisesa, kilomita zipatazo 20 nje ya jiji kwenye barabara ya Musoma. Hapo kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement wa Kanada pamoja na wazee wa huku, yenye vyombo vya watemi, ngoma zao na nyumba ya msonge. Panga ufike mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo. Makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja likijaribu kuwavuta watazamaji wa mwenzake, kwa bugobogobo ya majembe, kwa chatu aliye hai shingoni, kwa sarakasi na dawa. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Uhasama huo wa ngoma umedumu tangu karne ya 19, na hapo uwanjani hakuna kiti cha mtu asiye na upande. Chagua wako kabla hujashuka kwenye daladala, maana jambo la kwanza utakaloulizwa ni kama wewe ni Mgika au Mgalu.